Maradhi Yasiyo na Jeraha

Mtu akivunjika mguu, hapana amwambiaye, "Inuka utembee, acha uvivu." Jirani humletea gongo, na watoto humpisha njiani. Lakini mtu akishikwa na maradhi ya sonona, akawa halali usiku, hana hamu ya chakula, wala hapati raha hata kwa mambo aliyoyapenda, watu humwambia maneno hayo hayo. Sababu ni kwamba jeraha lake halionekani. Msomaji, nataka nikusimulie jinsi wanadamu walivyojifunza, kwa karne nyingi na kwa makosa mengi, kwamba maradhi hayo yapo kweli. Utaona pia kwamba mmoja wa waliokosea sana alifanya kazi yake hapa kwetu Nairobi.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili. Huzuni ni ya kila mja. Ukifiwa utalia, ukishindwa mtihani utasikitika, na siku zikipita moyo hutulia. Sonona ni kitu kingine. Humkalia mtu karibu kutwa nzima, kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, ikamwondolea usingizi, nguvu na tumaini. Watu wa kale waliiona tofauti hii. Matabibu wa Kiyunani waliomfuata Hippocrates, aliyezaliwa karibu mwaka 460 kabla ya Kristo, walitaja hofu na huzuni zisizokwisha, wakadhani zaletwa na nyongo nyeusi izidipo mwilini. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kwa Kiarabu kwamba huzuni ni za namna mbili: moja ina sababu ijulikanayo, kama vile kufiwa au kupotewa na mali, ya pili haina sababu ijulikanayo, na asili yake huenda ikawa mwilini. Neno la Kiarabu, huzn, ndilo lililotupa neno letu huzuni.

Nyongo nyeusi haikuwa kweli. Lakini wazo kwamba mwili nao umo katika jambo hili lilikuwa kweli, na ushahidi wake ulipatikana kwa bahati.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya za kifua kikuu. Wagonjwa waliokuwa hoi vitandani wakaanza kula, kucheka, na hata kucheza dansi. Ilidhaniwa kwamba wafurahia kupona tu. Lakini dawa moja, iproniazidi, ilichangamsha watu kupita kiasi, hata wengine wakashuku kwamba inagusa ubongo wenyewe. Mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake wakatangaza kwamba wamewapa dawa hiyo wagonjwa wa sonona, na wengi wamepata nafuu. Mwaka huo huo Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya Münsterlingen katika Uswisi, alieleza habari za dawa nyingine, imipramini. Dawa hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa maradhi mengine ya akili bila kufaulu, lakini ilipopewa wenye sonona iliwainua. Alipoisema habari hiyo mkutanoni Zürich, wasikilizaji walikuwa wachache mno.

Huenda wauliza, dawa hizo zilifanya nini? Ubongo wa mtu una chembe za neva wapata bilioni 86. Baina ya chembe na chembe mara nyingi pana mwanya mwembamba, na ujumbe huvushwa na kemikali kama serotonini na noradrenalini, mfano wa mitumbwi ivushayo abiria kivukoni. Kazi ikiisha, mitumbwi mingine hurudishwa ilikotoka, na mingine huvunjwa. Iproniazidi ilizuia kuvunjwa kwake. Imipramini ilizuia kurudishwa kwake. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 wataalamu walikata shauri kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo, basi.

Lakini palikuwa na fumbo. Dawa huongeza kemikali katika muda wa saa chache, na nafuu huja baada ya majuma kadhaa. Kama ni upungufu tu, mbona mgonjwa hapati nafuu siku ile ile? Kwa hiyo leo wataalamu hawasemi tena neno jepesi kama lile. Hutazama urithi wa ukoo. Hutazama jinsi mateso ya muda mrefu yawezavyo kuzidisha homoni iitwayo kortisoli. Na jinsi chembe za ubongo zipotezavyo maungano yake na kuyaotesha upya. Ubongo si jiwe. Hubadilika kwa dawa, na pia kwa mazungumzo, kwa usingizi na kwa mazoezi ya mwili.

Sasa turudi Nairobi. Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, na humo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Akafika hata kumlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alikosea wapi? Aliwatazama hasa wale waliofikishwa hospitalini, nao wengi walikuwa wale waliosumbua watu. Mwenye sonona hasumbui mtu. Hukaa kimya nyumbani, na asiyekwenda kumtafuta husema hayupo.

Waliokwenda kutafuta walimkuta. M. J. Field alikaa na watu wa vijijini huko Ghana, penye matambiko, akawasikiliza waliokuja na shida zao. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza habari za wanawake wengi waliojishitaki wenyewe kuwa ni wachawi na kwamba hawafai kitu. Field aliitambua hali hiyo: ilikuwa sonona. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walitoa habari za vijiji viwili vya Uganda, na huko sonona ilizidi ile ya wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Basi kama maradhi yapo, nani atawatibu watu wengi hivyo penye madaktari wachache? Jibu moja lilitoka Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nasi pia husema, "Fulani ana mawazo." Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua shida moja na kuitafutia njia. Kazi hiyo ilipopimwa kwa watu 573, matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika waliopata huduma ya kawaida, karibu 50 kwa kila 100 walikuwa na dalili za sonona. Katika waliokaa na akina bibi, walikuwa karibu 14.

Msomaji, Carothers alikuwa na elimu nyingi, na hakuona. Bibi wa Mbare hakuwa na udaktari, na aliona, kwa kuwa aliuliza na kungoja jibu. Kwa hiyo ukimwona mwenzako bwenini amejitenga, halali, haguswi na jambo lolote, usimcheke wala usimwite mvivu. Kaa naye. Kisha mwende pamoja kwa mwalimu, mzazi au muuguzi; dawa, kama yahitajiwa, itolewe na daktari. Akisema kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake, na usingoje kesho. Na kama mgonjwa ni wewe, nena. Wazee walisema mficha ugonjwa kilio humfichua. Lakini tukumbuke kwamba wengi huficha kwa kuogopa ndimi zetu.