Canon EOS 300D, 2003

Bodi ya plastiki yenye rangi ya fedha, pikseli milioni 6.3. Skrini ya inchi 1.8 haitoshi kuhakiki ukali wa picha, lakini Marekani bodi iliuzwa chini ya dola 1,000. Mpenzi wa picha asiyeishi kwa kazi hiyo akaimudu.

Kihisi cha kamera hii ni kidogo kuliko fremu ya filamu: lenzi ya milimita 28 huona kama ya 45, balaa katika vichochoro vya Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, Saudia, chini ya roshani za mbao. Hapo lenzi yake ya 18–55 iliokoa. Riyadh adui ni vumbi: ukibadilisha lenzi huingia hadi kwenye kihisi, na kamera hii haijisafishi.

Kamera hii ilipotoka, kupiga picha hadharani Saudia kulikuwa bado marufuku; marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2006.