Rejeta ya Hita: Istilahi ya Gereji Inayostahili Kubaki

Rejeta ya hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi ya gari. Maji ya moto kutoka kwenye injini huingia humo kwa mpira mmoja na kurudi kwa mpira wa pili. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo hutoka na joto, ikaelekezwa miguuni pa abiria au kwenye kioo cha mbele. Ikitolewa na kushikwa mkononi ni pande bapa lenye ukubwa wa kitabu kinene: vijibomba vyembamba vya alumini, au vya shaba kwa magari ya zamani, vimelazwa sambamba, na kati yake yamekunjwa mapezi mepesi ambayo kidole kikiyabonyeza yanalala.

Jina hili limezaliwa gereji. Fundi wa Tandika au Mtoni, huko Temeke jijini Dar es Salaam, anayemtuma kijana wake Gerezani kutafuta kipuri humwambia alete rejeta ya hita ya gari la Noah, na muuzaji huelewa bila kuchorewa. Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno huishia penginepo: kiini cha kipasha joto. Kila neno katika tafsiri hiyo ni la Kiswahili, lakini kwa ujumla wake haimwelezi mtu yeyote kitu chochote. Istilahi ya namna hiyo hupendwa na vikao vya wataalamu ambao hawajawahi kulala chali chini ya usukani wakitafuta bolti ya mwisho, na ndiyo sababu inafaa kuchambuliwa neno baada ya neno.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba Kiingereza kina jina moja la kifaa hiki. Wamarekani hukiita "heater core", Waingereza "heater matrix". Neno la Wamarekani ni lile linalotaja sehemu ya kati ya tunda yenye mbegu au kitu cha ndani kabisa. La Waingereza limetoka katika Kilatini, ambamo "mater" ni mama na "matrix" ikaja kuwa tumbo la uzazi, kisha kila kitu ambacho kingine hukaa au huumbika ndani yake. Wanahisabati nao wakalichukua kwa jedwali lao la namba. Anayetafsiri kutoka kitabu cha Marekani atapata kiini, na anayetafsiri kutoka kitabu cha Uingereza atapata tumbo la uzazi au jedwali la namba. Kifaa ni kilekile, na mafundi wa nchi zote mbili hufungua bolti zilezile. Maneno yanayotofautiana kiasi hicho katika lugha moja hayawezi kuwa yamebeba maana ya kifaa. Ni mazoea ya wasemaji tu, na mazoea hayatafsiriwi.

Kosa la pili limo katika neno kiini lenyewe. Kiini cha yai kimezungukwa na ute, na ute umezungukwa na ganda. Kiini cha mbegu kimo ndani ya gamba. Kiini cha seli na kiini cha atomu, vilivyokubalika vizuri katika vitabu vya sayansi, vyote viko katikati ya kitu kikubwa zaidi. Hata kiini cha hoja ni kile kinachobaki maneno ya pembeni yakiondolewa. Katika matumizi yote haya Kiswahili kinasisitiza mambo mawili: kitu kiwe katikati, na kiwe ndicho chenye uhai au asili ya kile kinachokizunguka. Rejeta ya hita haina sifa hata moja kati ya hizo. Iko pembeni ndani ya kasha la plastiki pamoja na vipande vya kugeuza hewa, na gari likiondolewa rejeta hiyo na mipira yake ikaunganishwa linaendelea kutembea kutoka Mbagala hadi Kariakoo kama kawaida.

Katika Kiingereza cha watengenezaji, neno "core" lilianza likiwa na mpaka. Katika rejeta kubwa ya mbele lilitaja ile sehemu ya kati yenye vijibomba na mapezi, ili kuitofautisha na matangi mawili ya pembeni. Kwenye hita jina la sehemu likapanuka na kuwa jina la kifaa kizima, matangi yake yakiwemo. Kwa hiyo aliyeandika kiini amerithi upotofu wa lugha nyingine na kuupa heshima ya istilahi sanifu. Mwanafunzi anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza ataipasua rejeta ya hita akitafuta kitu kilicho ndani ya kitu, na hatakiona, kwa sababu alichokishika tayari ndicho chenyewe.

Kosa la tatu ni kipasha joto. Kupasha kumetokana na kupata, kama kupisha kulivyotokana na kupita: kumpasha mtu habari ni kumfanya azipate, na kupasha kiporo moto ni kukifanya kiupate tena moto kilioupoteza usiku. Neno ni zuri, na mahali pake ni jikoni. Kwa binadamu anayehisi baridi Kiswahili kina kitenzi kingine cha zamani, kuota: mtu huota moto, huota jua. Kitenzi hicho ni ndugu wa damu wa moto na wa joto. Wingi wa moto, yaani mioto, unaonyesha kwamba mzizi ni -oto, na mzizi huohuo umo katika joto. Ukoo huu wa maneno umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na unaonyesha kwamba wahenga hawakutenganisha moto na tendo la binadamu kuusogelea. Kama kungehitajika neno la asili kwa hita ya gari, lingetafutwa katika ukoo huo, si katika kupasha kiporo. Waliochagua kipasha joto hawakufika huko. Walichukua neno la kwanza lililoonekana kwenye kamusi ya lugha mbili, wakalifunga kwa kiini, wakaendelea na ukurasa uliofuata.

Hita, kwa upande wake, limekwisha kuingia. Kuna hita ya maji bafuni, na kitufe cha hita kimo katika magari mengi. Neno lina silabi mbili, linaishia kwa irabu, linakaa katika ngeli ya I-ZI bila vurugu. Kulifukuza ili kuweka maneno mawili marefu yasiyosema zaidi ni kuiongezea lugha mzigo bila faida.

Limebaki rejeta, ambalo ndilo nguzo ya istilahi nzima. Asili yake ya mbali ni Kilatini "radius", neno lililotaja njiti ya gurudumu na mwonzi wa jua, kwa kuwa vyote viwili hutoka katikati na kutawanyika. Kutoka hapo Kiingereza kikapata jina la kifaa kinachotawanya joto, na madereva na mafundi wa Afrika Mashariki wakalifinyanga kuwa rejeta. Neno likapoteza mwisho wake mzito, likapata irabu, likapewa wingi, likakaa kwenye ulimi sawa na breki, klachi na kabureta. Leo ni neno la Kiswahili kama gari lilivyo la Kiswahili ingawa lilitoka kwa Wahindi, na kama usukani ulivyo wa Kiswahili ingawa ulitoka kwa Waarabu, ukaongoza majahazi karne nyingi kabla ya kuongoza lori.

Dhidi ya rejeta ya hita hutolewa pingamizi tatu. Ya kwanza ni kwamba rejeta hupoza na hita hutia joto, hivyo jina linajipinga. Pingamizi hii inatoka kwa mtu aliyeitazama rejeta kwa macho ya injini peke yake. Rejeta ya mbele hutoa joto kwenye maji na kulihamishia kwenye hewa, na rejeta ya hita hufanya jambo hilohilo. Tofauti ni nani anayenufaika: kule hewa iliyopata joto hutupwa nje, huku huletwa kwa abiria. Fundi anajua hilo kwa vitendo. Injini inapochemka njiani naye yuko mbali na maji, huwasha hita mpaka mwisho na kufungua madirisha, ili rejeta ndogo isaidie kubwa kupunguza joto. Jina lingekuwa linajipinga, ujanja huo usingefanya kazi.

Pingamizi ya pili ni ya wanaoshika kanuni inayofundishwa vyuoni, kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na lugha za kigeni ziwe mwisho. Kanuni ni njema, na imeipa lugha maneno mengi mazuri. Ila inahusu dhana isiyo na jina. Dhana iliyokwisha kupewa jina na watu wanaoishika kila siku haingoji zamu kwenye foleni ya kanuni, na kamati inayolipuuza jina hilo haiikuzi lugha. Inaigawa kati ya wanaosoma na wanaofanya kazi.

Pingamizi ya tatu ni kwamba jina hili ni la mtaani na halina mwenzake katika lugha za kitaalamu. Hapa wapinzani wangefaa kufungua kitabu cha ufundi cha Kifaransa. Wafaransa hukiita kifaa hiki "radiateur de chauffage", yaani rejeta ya kutia joto, na Wahispania na Waitaliano hulitumia neno lao la rejeta kwa namna hiyohiyo. Mafundi wa Temeke, bila kamati na bila semina, wamefikia palepale walipofikia mataifa hayo yenye viwanda vya magari, kwa sababu wote walikitazama kifaa badala ya kulitazama neno.

Neno dashibodi nalo linahitaji ulinzi, kwa kuwa ndilo linaloificha rejeta hiyo. Hapo mwanzo lilikuwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kuzuia tope lililorushwa na kwato. Farasi akaondoka, injini ikaja, ubao ukabaki na jina lake, ukajazwa geji, redio, matundu ya hewa na mifuko ya hewa ya usalama. Wapo wanaopendekeza ubao wa vipimo. Vipimo ni sehemu ndogo ya dashibodi, iliyo mbele ya dereva peke yake, na aliyeagizwa kutoa ubao wa vipimo atatoa geji na kuacha vingine vyote. Dashibodi inabaki kuwa jina la pande zima, kutoka mlango hadi mlango.

Kitenzi nacho kina uzito. Injini hushushwa na gurudumu hufunguliwa, lakini kwa dashibodi kitenzi sahihi ni kufumua. Kufumua ni kinyume cha kufuma: hufumuliwa mkeka, hufumuliwa nywele zilizosukwa. Nyuma ya dashibodi nyaya zimesukana kweli, na anayezivuta kwa haraka hukata. Tafsiri zinazosema kuondoa zinalifanya tendo hili lionekane jepesi kama kuondoa sahani mezani.

Kuhusu kuitoa rejeta ya hita, utaratibu ni mfupi kuuandika ingawa kazi huweza kumaliza siku nzima. Dalili za rejeta iliyotoboka ni zulia lililolowa upande wa abiria, harufu tamutamu ndani ya gari, ukungu kama wa mafuta kwenye kioo na maji ya rejeta yanayopungua bila tone kuonekana chini. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza, na mikono hukaa mbali na plagi za njano za mifuko ya hewa mpaka chaji iliyobaki iishe. Injini ikishapoa, maji humwagwa na mipira miwili huchomolewa. Gesi ya AC hutolewa kwa mashine pale ambapo kasha la hita na la AC ni moja. Usukani, redio, geji na sanduku la mbele ya abiria hutoka kwa zamu, na skrubu za kila hatua hutiwa kwenye kopo lake. Watu wawili huinua dashibodi na kuilaza kwenye mkeka uliotandikwa kivulini. Ndipo kasha hutoka, na rejeta ya hita huchomolewa ndani yake, mara nyingi ikiwa na ukoko mweupe au wa kijani penye kiungo cha bomba, alama ya mahali ilipotobokea. Kutoboka huko huletwa zaidi na maji ya kisima yenye chumvi na kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochoka. Katika magari mengi maji hupita humo hata hita isipowashwa, na kwa hiyo joto la Dar es Salaam haliiponyi. Wengi huunganisha mipira miwili na kuiruka rejeta yote. Hilo linamtosha anayeishia Temeke, lakini anayepanda Makete mwezi Julai, ambako baridi huleta sakitu, ataijutia njia hiyo ya mkato.

Istilahi hunyambulika bila taabu: rejeta ya hita, rejeta za hita. Hiace yenye hita mbili huwa na rejeta ya hita ya mbele na rejeta ya hita ya nyuma, ambapo mpinzani angelazimika kuandika kiini cha nyuma cha kipasha joto, au kiini cha kipasha joto cha nyuma. Rejeta ya mbele ya injini inapohitaji kutofautishwa huitwa rejeta kubwa. Na pale kitabu cha kufundishia kitakapohitaji kuitaja ile sehemu ya vijibomba na mapezi bila matangi yake, neno kichana linatosha, kwa kuwa ndilo umbo lenyewe linaloonekana kwa jicho.