Kidonge cha Asubuhi na Barabara ya Tukuyu

Mvua ya Rungwe ni neema yenye gharama yake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kwa mvua hiyo tunavuna ndizi, chai, viazi na maharage. Lakini mvua hiyohiyo, kwa miaka isiyohesabika, imekuwa ikiosha madini joto kutoka katika udongo wa miteremko na kuyateremsha mtoni. Chakula kinachoota katika udongo wa namna hiyo kinashibisha, ila hakiipi tezi ya shingo kile inachohitaji. Tezi ikikosa madini joto huvimba, ikijitahidi kunasa hata kidogo kinachopita. Hilo ndilo rovu, ambalo wazee wa nyanda hizi waliliona shingoni mwa mama na shangazi zao hata wakalizoea.

Serikali haikulizoea. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipima shingo za watoto wa shule na kuonyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Katika miaka ya 1980 vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo kabla ya kuuzwa. Jambo hilo halikuhusu uzuri wa shingo peke yake. Mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyopasa, na hasara hiyo hairudishwi na dawa yoyote baadaye.

Kwa baadhi yetu chumvi hiyo ilifika tumekwisha kuwa watu wazima. Rovu langu liliondolewa kwa upasuaji, na tangu siku hiyo kazi ya tezi yangu inafanywa na kidonge kimoja kila asubuhi.

Kidonge hicho kina historia ndefu kuliko umbo lake. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amevimba, mzito wa mwendo na wa fikra. Akapata nafuu, akaishi mpaka mwaka 1919. Mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Charles Harington na George Barger wakaiunda maabara. Ndiyo hii levothairoksini tunayomeza leo.

Kuvumbuliwa ni jambo moja, kufika Tukuyu ni jingine. Katika miaka ya 1980 zahanati zetu zilipokea makasha ya dawa muhimu, yenye dawa za malaria, minyoo na vidonda. Dawa ya tezi ilikuwa haba, ukiipata mjini unashukuru. Kisha mwaka 1991 sheria ikaruhusu tena huduma binafsi za tiba, na mwaka 1993 Bunge likaunda Bohari ya Dawa. Dawa zikaongezeka, na majina nayo yakaongezeka. Bohari hununua kwa zabuni, kwa jina la dawa na si la kampuni. Mwenye duka naye huchukua alichokikuta kwa muuzaji wa jumla. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupewa Eltroxin mwezi huu, Euthyrox mwezi ujao, na mwezi wa tatu akaambiwa, "Mama, mzigo haujafika."

Nilipobadilishiwa boksi mara ya kwanza, binti wa dukani aliniambia kwa upole, "Shikamoo mama. Dawa ni ileile, jina tu ndilo limebadilika." Ulikuwa mwezi wa Juni, Tukuyu ina baridi na ukungu, nami nikaanza kuchoka na kusikia baridi mpaka kwenye mifupa. Je, ilikuwa Juni au ilikuwa kidonge? Hapo ndipo shida ya ugonjwa huu ilipo: dalili zake zinafanana na maisha yenyewe.

Swali hilo halikuwa langu peke yangu. New Zealand, baada ya muundo wa Eltroxin kubadilishwa mwaka 2007, malalamiko yalifurika mwaka uliofuata. Ufaransa, mwaka 2017, kampuni ya Merck iliondoa laktosi katika Levothyrox ili dawa isipoteze nguvu mapema, na mamia ya maelfu ya watu wakatia saini kupinga. Wakubwa walisema homoni ni ileile, na vipimo vya dawa viliwaunga mkono. Lakini nchi zote mbili hatimaye ziliruhusu aina nyingine ziingie. Naona pande zote zilikuwa na la kusema. Dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, na tofauti ndogo ya jinsi mwili unavyoipokea yaweza kumgusa mmoja na kumpita mwingine.

Basi, ndugu msomaji, hofu haitusaidii, na dharau vilevile. Linalosaidia ni kipimo. Wiki sita hadi nane baada ya kubadilishiwa, damu hupimwa, na daktari husema kama dozi ibaki au irekebishwe. Kipimo hicho kilinipeleka Mbeya, nauli ya kwenda na kurudi, na jibu likawa kwamba nilihitaji nyongeza ndogo. Tangu hapo nina daftari la tarehe, jina la dawa na mikrogramu, kwani boksi la 50 na la 100 hufanana sana kwa macho ya uzee. Vidonge naviacha katika karatasi yake, maana unyevu wa huku huviharibu, na navimeza kwa maji kabla ya kula chochote. Siku moja ikipita bila dawa mwili hauanguki, kwa kuwa nusu ya homoni hubaki mwilini karibu wiki nzima. Akiba hiyo inatosha kuulizia duka la pili na la tatu. Haitoshi kungoja mzigo wa mwezi ujao.

Udongo wetu hautatupa madini joto, na tezi iliyokwisha kuondolewa haioti tena. Sisi wa milimani tutaendelea kutegemea kinacholetwa na barabara. Wajibu wa wanaokileta ni kukileta bila kukatiza, na kutwambia mapema kinapobadilika.