Hela za Mjerumani: Zipi hutafutwa na wakusanyaji, zipi ni za kawaida

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Mwanza anaposema hana hela, analitaja bila kujua jina la sarafu iliyokwisha kutumika zaidi ya karne moja iliyopita. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya utawala wa Kijerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1904, na 100 kati yake zilikuwa sawa na rupia moja. Sarafu yenyewe ilitoweka sokoni. Jina lake likabaki midomoni mwa watu.

Hata hivyo, si sarafu zote zilizotoweka. Katika miji na vijiji vya Kanda ya Ziwa bado zimo ndani ya masanduku ya wazee, na nyingine huibuka wakati wa kulima au kuchimba msingi wa nyumba. Kila zinapoonekana, swali huwa lile lile: je, hii ni mali?

Jibu hutegemea mambo ambayo wakusanyaji wa sarafu duniani wamekuwa wakiyazingatia kwa miaka mingi, nayo ni tofauti na yale yanayosemwa vijiweni. Umri peke yake hauipi sarafu thamani kubwa. Kinachotazamwa ni uchache wake, hali yake, na historia inayoibeba.

Tembo wa Tabora

Miongoni mwa sarafu zote zilizotengenezwa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, hakuna inayotajwa zaidi na wakusanyaji kuliko ile ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, maarufu kwa jina la Tembo wa Tabora.

Sarafu hiyo ni mtoto wa vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani, na koloni likakosa fedha kutoka Ujerumani. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee, iliyokuwa imehamia bara, ilichapisha noti za dharura, lakini watu wengi hawakuziamini. Askari na wapagazi walihitaji malipo yanayokubalika. Ndipo karakana ya reli mjini Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu.

Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, ambao leo umo mkoani Singida. Upande mmoja wa sarafu una tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake, pamoja na herufi T ya Tabora. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu halisi.

Zilitengenezwa sarafu 16,198 tu, kwa namna mbili zinazotofautiana kidogo katika pambo lililo karibu na maandishi: namna moja sarafu 6,395, nyingine 9,803. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha. Mwanza ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza miezi miwili kabla, Julai mwaka huo huo.

Kwa sababu hizo, sarafu moja iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani katika minada ya Ulaya na Marekani. Sonara anayeiyeyusha hupata takriban gramu 5.4 za dhahabu safi, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ambayo mkusanyaji angelipa.

Ndugu zake wa shaba

Karakana hiyo hiyo ilitengeneza pia sarafu za heller 5 na heller 20, kwa kutumia shaba iliyopatikana, zikiwamo ganda za risasi na mizinga. Za heller 20 zilifikia takriban milioni 1.9, nyingi zikiwa za shaba ya manjano na chache za shaba nyekundu. Hizi ndizo mtu wa kawaida anazoweza kukutana nazo.

Bei yake ni ya chini mno ikilinganishwa na ile ya tembo wa dhahabu. Lakini wakusanyaji wanazipenda, kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na kwa kalibu tofauti. Umbo la taji na la herufi hubadilika kutoka sarafu moja hadi nyingine, na wapo wanaotumia miaka mingi kutafuta kila namna.

Katika sarafu za kabla ya vita, inayoheshimiwa zaidi ni ya fedha ya rupia 2, iliyotolewa mwaka 1893 na 1894 pekee, ikiwa na sura ya Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma. Kinyume chake, sarafu ndogo za pesa za mwaka 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, zilitolewa kwa mamilioni. Ni kongwe kuliko Tembo wa Tabora, lakini hazifikii hata chembe ya bei yake.

Umaarufu usio na bei

Mfano mwingine wa jambo hilo ni sarafu zenye tundu katikati za senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936. Zina jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza, aliyekaa katika kiti cha enzi kwa muda usiotimia mwaka mmoja.

Nchini Uingereza kwenyewe, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma, na mwaka 2020 moja ya dhahabu ilinunuliwa kwa pauni milioni moja. Zile za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura ya mfalme, kwa kuwa katikati palikuwa na tundu. Zikatengenezwa kwa wingi na kuingia sokoni. Leo hupatikana kwa bei ndogo. Mfalme ni yule yule. Wingi ndio uliotofautisha.

Makosa yanayopoteza mali

Kosa la kwanza ni kusafisha. Wengi huisugua sarafu kwa mchanga, majivu au ndimu ili ing'ae kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Mkusanyaji huyaona mara moja mikwaruzo hiyo, na bei hushuka papo hapo. Sarafu iachwe na rangi yake ya uzee, ishikwe pembeni, na ihifadhiwe pakavu.

Kosa la pili ni kutoboa. Sarafu nyingi za fedha ziligeuzwa vidani, na tundu lisilokuwapo tangu kiwandani huondoa sehemu kubwa ya thamani.

Kosa la tatu ni kuamini kila mnunuzi. Tembo wa Tabora ameigizwa mara nyingi. Mizani ya sonara inaweza kumfichua bandia wa wazi, lakini uthibitisho unaokubalika minadani hutolewa na kampuni za kimataifa za kupima sarafu, ambazo huipa kila moja alama kati ya 1 na 70.

Kwa upande mwingine, upo uvumi kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu na huuzwa kwa mabilioni. Kwa uvumi huo watu wamechimba mashimo na kuwakabidhi matapeli akiba zao. Hakuna mnada unaolipia nguvu hizo. Anayedai ada ya kupima au ya kumleta mnunuzi kabla sarafu haijauzwa ni wa kuogopwa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kutafuta vitu hivyo unahitaji kibali. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo katika kundi hilo. Za Mjerumani ni changa kuliko mwaka huo.

Kwa familia iliyorithi sarafu, hatua ya kwanza si kwenda kwa sonara wala kwa dalali. Ni kuipiga picha pande zote mbili, kuipima uzito, kuandika mwaka na herufi zilizomo, na kumuuliza mzee wa nyumba ilikotoka. Maelezo ya mzee huyo ni sehemu ya thamani yake, na yeye akiondoka hakuna mnada utakaoyarudisha.