Meza ya Sikukuu Ilivyofika Nyahanga

Sikukuu ikikaribia, ndugu waliotawanyika kwa ajili ya kazi hurudi nyumbani. Hapa Nyahanga, katika mji wa Kahama, watu hushuka mabasini wakitoka Dar es Salaam, Mwanza na Geita, na mizigo yao mikononi. Asubuhi ya siku yenyewe utamwona mama wa nyumba akitoa kabatini vitu ambavyo mwaka mzima havikuguswa: sahani zenye maua, bilauri, hotipoti kubwa za wali, na kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono. Meza hufutwa, kitambaa hutandikwa, vyombo hupangwa, na watoto huonywa wasikaribie.

Kazi ya kufundisha historia imenizoeza kukiuliza kila kitu kilicho mbele yangu, "Wewe watoka wapi?" Basi napenda tuiulize meza swali hilo. Wako wanaodhani kwamba adabu ya chakula ilikuja pamoja na meza, na kwamba kabla ya hapo watu walikula tu ili washibe. Hao wamekosea, na kosa lao laweza kuonyeshwa kwa ushahidi wa wageni waliopita katika nchi hizi.

Tuanze mbali, pwani, maana vyombo vingi vilitufikia kwa njia hiyo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja nchini Moroko, alishuka Mogadishu kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa. Alieleza jinsi alivyokaribishwa chakula. Wali uliopikwa kwa samli uliletwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mlaji alikula tonge la wali, kisha akaonja achari. Tazama basi: hapana meza, hapana kiti, hapana uma, walakini kila chombo kina mahali pake, na kila kitu kina zamu yake.

Utaratibu huo uliingia bara pamoja na misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali palipokuja kuitwa Tabora, mnamo Novemba 1857, walikaribishwa na tajiri Mwarabu, Snay bin Amir, aliyewatunza kwa ukarimu ambao Burton aliusifu sana, naye hakuwa mwepesi wa kusifu watu. Kwa watu wa namna hiyo wenyeji wa bara waliona mkeka ukitandikwa, birika la maji likipitishwa kwa wageni, na sinia likiwekwa katikati. Kutoka Unyanyembe njia nyingine ilishika kaskazini kuelekea Usukuma na ziwani. Speke aliifuata mwaka 1858, akapita katika nchi zetu hizi, akaliona ziwa mwezi Agosti.

Je, watu wa bara wenyewe walikulaje? Burton aliandika habari za iwanza, yaani nyumba ya watu wote katika vijiji vya Unyamwezi. Kijiji kilikuwa na iwanza mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na msafiri hakuruhusiwa kuingia ile ya wanawake. Wanaume walishinda katika iwanza yao, wakaongea na kula humo. Burton asema kwamba wanaume na wanawake hawakula pamoja kabisa. Hata mtoto mwanamume aliona aibu kuonekana akila pamoja na mama yake. Burton aliwadharau watu wetu katika mambo mengi, nami simfuati katika hukumu zake. Lakini macho yake yalikuwa makali, na neno hili wazee wetu hawakulikana. Kwa Wasukuma nako, wanaume wa nyumba jirani walikutana jioni shikomeni, penye moto, kila mke akapeleka ugali na mboga ya nyumbani mwake, nao wakala pamoja. Mgeni aliyetokea alinawa mikono, akaketi, akala. Hakuna aliyehesabu watu kwanza.

Msomaji aishike tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha habari yangu. Shikome lilimtenga mke na mtoto, bali lilimpokea jirani.

Sasa twende Ujiji, kwa kuwa huko ndiko tunakopata habari nzuri ya karamu ya Krismasi katika upande huu wa nchi. Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na siku ile ya kukutana walikunywa mvinyo wa Ufaransa katika vikombe vya fedha, vilivyobebwa kichwani na wapagazi kutoka pwani. Krismasi ilipofika, Stanley alikuwa ametoka tu katika homa, naye alitaka kuiadhimisha siku kama kwao. Vikanunuliwa sokoni, na vingine vikapatikana kwa mzee Mwinyi Heri: kondoo wenye mikia minene, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, unga mwembamba, samaki, vitunguu, viazi vitamu na pombe. Asubuhi mpishi, jina lake Feraji, akaitwa, akaelezwa ukubwa wa siku hiyo na namna ya kupika. Matokeo yake, nyama ya kuoka ikaharibika na kastadi ikaungua. Stanley akaandika kwamba Feraji aliokoka na kipigo kwa sababu moja tu, kwamba yeye Stanley hakuwa na nguvu ya kuinua mkono.

Nimewasomea wanafunzi habari hiyo mara nyingi, nao hucheka. Mimi sicheki tena. Angalia vitu vile vilivyonunuliwa: Feraji angaliachwa apike mchuzi wa kondoo, samaki wa kukaanga, ndizi na viazi, wale mabwana wawili wangalikula karamu ya kusimuliwa. Aliamriwa apike kwa maneno ya asubuhi moja chakula ambacho huenda hajapata kukionja, juu ya moto wa kuni, kisha lawama ikawa yake. Stanley aliandika kitabu kilichosomwa duniani kote. Feraji hakuandika kitabu. Tangu hapo karamu nyingi zimeharibika kwa sababu ile ile, yaani mwenye nyumba kutaka chakula cha kwao watu wengine.

Baada ya misafara yakaja mambo mengine kwa haraka. Mapadre Weupe walijenga Ushirombo mwaka 1891. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake kupitia Shinyanga likafika Mwanza mwaka 1928. Sahani na vikombe vya bati vikaenea madukani, tena kwa bei ambayo mkulima wa pamba aliiweza. Katika misheni wasichana walifundishwa kushona na kufuma vitambaa, na ndiyo asili ya vile vitambaa vyeupe ambavyo hata leo hufunika meza, viti na redio. Wavulana wa shule za bweni walizoea kuketi mezani. Waliporudi kwao wakiwa makarani na walimu, walitaka meza.

Meza ya kwanza nyumbani kwetu ilitengenezwa na seremala kwa mbao za mninga, pamoja na viti vinne. Nalikuwa mtoto, lakini naikumbuka sikukuu ile. Mama alitandika kitambaa alichokifuma miezi mingi, akapanga sahani, akafunika vyakula kwa kawa. Baba aliketi, na baba mdogo, na mgeni wao mmoja, na kaka yangu mkubwa. Viti vikaisha. Mama akarudi jikoni, nasi wadogo tukamfuata. Kisha mlangoni akatokea mzee jirani yetu, ambaye siku zote alikuwa akila na baba nje chini ya mti. Akavitazama viti. Baba akasimama kumpa chake, lakini mzee akasema, "Mimi nimekwisha kula, mwanangu," akaenda zake. Hakuwa amekula, mkewe alikuwa jikoni kwetu akimsaidia mama kupakua. Tangu siku ile hakuja tena saa ya chakula. Basi meza yetu ya kwanza ilimwacha mama pale pale alipokuwa, na jirani ikampoteza.

Lakini sisemi kwamba meza ni mbaya. Katika nyumba nyingi ndiyo iliyomketisha mke mbele ya mumewe kwa mara ya kwanza, na binti karibu na baba yake, wakazungumza wakila. Jambo hilo iwanza haikulijua, nami singependa turudi nyuma. Siku hizi meza ni nyingi kuliko zamani zile. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na wa Buzwagi, karibu na mji wetu, mwaka 2009. Fedha za mishahara na biashara zikaingia majumbani, zikaleta meza za vioo na viti sita sita. Buzwagi ilisimama mwaka 2021. Meza zimebaki.

Mke wangu, aliye fundi wa mambo haya kuliko mimi, hutandika hivi. Meza husogezwa ukutani, nayo huwa ya vyakula tu: wali wa Kahama, kuku wa kienyeji, nsansa iliyoungwa kwa karanga, na michembe katika chungu cha bibi yake, kwa kuwa chakula cha njaa kikipakuliwa siku ya shibe huwafanya wazee watabasamu. Kitambaa ni kile kile cha mama yangu, nacho kina doa la mchuzi lisilotoka. Viti hupelekwa barazani kwa wazee, wake kwa waume, na mikeka hutandikwa mpaka chini ya mwembe. Mtoto mmoja husimama na jagi na beseni, mwingine na taulo, wakianza na mkubwa wa wote. Mke wangu hakai jikoni. Sufuria zikishatolewa, jiko hufungwa, na ufunguo huwa mfukoni mwangu mpaka amalize kula. Mwaka jana tulipika kwa hesabu ya watu ishirini, wakaja thelathini na wanne, nasi tukaazima sahani kwa jirani, ambaye alizileta mwenyewe, akaketi.