Sakafu Nyekundu na Asili Yake

Ajuaye namna wazee wa pwani walivyopiga sakafu zao za chokaa hawezi kuidhania sakafu nyekundu ya saruji, iliyoenea katika miji yetu karne ya 20, kuwa ni jambo geni kabisa. Maana vifaa ndivyo vilivyotoka ng'ambo, ama ustadi wa kuituliza sakafu na kuing'arisha ulikuwapo tangu jumba la Husuni Kubwa lilipojengwa Kilwa katika karne ya 14.

Waashi wa Lamu, Mombasa na Unguja walichoma matumbawe juu ya chungu ya magogo mpaka yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaiacha ikae muda mrefu ipate kulainika. Juu ya boriti za mikoko, ambazo ufupi wake ndio uliovifanya vyumba vyao kuwa vyembamba, walipanga mawe bapa, kisha likamwagwa zege la chokaa na kokoto, na makundi ya watu yakalipiga kwa vipande vya miti, kwa nyimbo, siku kadha wa kadha. Kupiga huko hakukuwa tafrija: chokaa hushika polepole mno, na mapigo ndiyo yaliyoyatoa maji yaliyozidi na kuziba nyufa.

Saruji, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliiandikia hataza mwaka 1824, hushika kwa saa chache, na kwa hiyo mwiko wa chuma ukachukua mahali pa miti. Kiwanda cha Bamburi huko Mombasa, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill huko Dar es Salaam, mwaka 1966, viliileta karibu na kila fundi. Wekundu wa sakafu hizo ni unga wa kutu ya chuma; nao huchaguliwa kwa hekima, maadamu ukali wa saruji huziua rangi nyingi za mimea, ilhali kutu haidhuriki kwa ukali huo wala kwa jua. Fundi mwaminifu huchanganya unga huo na saruji kavu, asizidishe sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji, hunyunyiza juu ya zege bichi maji ya juu yakiisha kupotea, hukandamiza kwa mwiko hata uso ung'ae, huutunza kwa unyevu siku saba. Ndipo baadaye zije nta na makumbi ya nazi ya kusugulia.

Basi mwenye nyumba aliyerithi sakafu kama hii asiifunike kwa vigae kwa kuwa imefifia. Aisugue, aikaushe, aipake nta upya. Na aliyerithi ya chokaa asiimwagie saruji juu, kwani itauzuia unyevu kutoka. Amtafute mwashi ajuaye chokaa, amlipe haki yake.