ITHIBATI YA HIARI KATIKA KAZI YA KUOKOA WATU



Katika taarifa ya mwaka huu yafaa tutazame nyuma kidogo, tujue kazi ya kuokoa watu wakati wa maafa ilikabidhiwa nani, na nani aliyewapima wenye kuifanya. Sisi wa Magunga tumewekwa kati ya milima ya Gwassi na ziwa. Jambo hili latuhusu.

Wazee waliokuwa watoto mwaka 1961 wanazikumbuka mvua za mwaka ule. Hata kufikia 1964 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Siku hizo Msalaba Mwekundu katika Kenya ulikuwa tawi la chama cha Uingereza. Baada ya Uhuru, Desemba 1965, Bunge lilitunga sheria ya kuunda chama chetu wenyewe. Lakini sheria peke yake haikutosha. Ili kitambuliwe na Kamati ya Geneva, ilipasa chama kitimize masharti, mojawapo likiwa kuwahudumia watu wote bila kubagua kabila wala dini. Kilitambuliwa mwaka 1966. Heshima yake ilianzia hapo, kwa kuwa kilikubali kupimwa na wengine.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, nayo imepakia kupita kiasi. Watu walikuwa hai ndani yake. Waokoaji walitoboa ubavu wa meli ili wawatoe; hewa ikatoka, meli ikazama. Mamia walikufa. Hapo hapakukosekana huruma. Palikosekana ujuzi uliojaribiwa kabla ya siku ya msiba.

Mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, Serikali ilianzisha kituo cha taifa cha kuendesha shughuli za maafa. Kisha Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzima moto na kusimamia maafa. Kazi ilitajwa, kipimo chake hakikutajwa.

Marekani walikwisha kuona pengo la namna hii. Mwaka 1997 walianza mpango wa ithibati ya hiari kwa ofisi za dharura. Ofisi huomba yenyewe. Hukaguliwa na watu wa kazi hiyo hiyo kutoka kwingine. Ikifaulu hupewa ithibati ya miaka 5, kisha hupimwa tena. Jimbo la Florida na mji mkuu Washington walitangulia kuipata, mwaka 2003.

Watasema wengine kwamba kukaguliwa ni gharama na ni aibu. Twajibu kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake: ofisi inayojipima yenyewe haikosi kujisifu. Na aibu ya kuonyeshwa kasoro mezani ni ndogo kuliko ile ya kusimama kaburini bila jibu.

Basi twashauri chama hiki kiiombe Kaunti ya Homa Bay, kwa adabu na kwa maandishi, iwaalike wenzao wa Migori na Kisumu waje waikague. Waulize machache: mtumbwi ukipinduka usiku, aitwe nani? Boti ya kuokoa iko ufuko gani, na ina mafuta? Zoezi la mwisho lilifanywa lini? Majibu yaandikwe, nasi tuyasome hadharani katika mkutano wetu.